Gunia Lisilo na Lumbesa

"Nyuki, mpunga umeondoka."

Saa nne asubuhi. Sekela, Nyuki kwa jina la kazi, alibonyeza kidude cha sikioni.

"Fuso ngapi?"

"Tatu, zote za bluu, zote kutoka Ubaruku. Moja ina dhahabu. Hatujui ipi."

"Sasa mnajua nini?"

Mkuu wake, Isakwisa, alikohoa. "Kwamba unasimamisha moja tu. Ukikosea watapeana taarifa, na mzigo utapita njia za panya hadi kwa wageni wanaousubiri ng'ambo ya Tunduma."

Ndani ya Fuso hiyo kulikuwa na vibali vya kughushi, vyenye sahihi ya marehemu Clement Kiyeyeu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu. Dhahabu ikivuka, wizi wote ungeandikwa kwa jina lake.

Kiyeyeu. Aliyefunga benki za wakubwa. Aliyewafukuza kazi hata rafiki zake. Aliyeamuru dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Chunya inunuliwe kwa bei halali, iwe akiba ya taifa. Shukrani aliyopewa ilikuwa barua ya mistari miwili ya kumwondoa. Alipozikwa kwao Idodi, wakubwa hawakufika. Walituma shada la maua ya plastiki.

Sekela alikuwa mlinzi wake miaka miwili ya mwisho ya uhai wake.

Akarusha droni ya DJI kando ya barabara kuu, Iyunga. Macho kwenye skrini.

Fuso ya kwanza. Magunia yamevimba vichwa, yamefumiwa kamba juu kushikilia ziada. Lumbesa, kama wanunuzi wanavyolazimisha.

Ya pili. Lumbesa.

Ya tatu.

Akasogeza kamera.

Magunia bapa. Midomo imeshonwa kwa mstari ulionyooka kama rula.

Moyo ulimuuma kabla hajapata muda wa kufurahi.

Ni nyumba moja tu iliyoshona hivyo. Baada ya kuondolewa, Gavana alilima mpunga Idodi na kukataa lumbesa. "Gunia ni gunia," alikuwa akisema, sindano mkononi. Wanunuzi wakamcheka, wakairuka nyumba yake. Aliyejifunza kushona magotini pake ni Kasian, yatima aliyemlea na kumsomesha. Siku hizi Kasian ni tajiri wa madini.

"Ya tatu," Sekela alisema.

"Una uhakika?"

"Nimeona mkono wa mtu."

Pikipiki yake, Honda XL, ikanguruma. Akaipita Fuso, akageuka, akachomoa Glock 19.

Risasi mbili. Tairi mbili.

Fuso iliyumba, ikalalia mtaro. Dereva, Gwakisa, akashuka mikono juu.

"Dada, mimi naendesha tu. Nina watoto."

"Hata mimi ninaye mmoja. Lala chini."

Mlango wa pili ukafunguka. Kasian, suti safi, bastola mkononi.

"Kamwene, kaka Kasian," Sekela alimsalimu kwa Kihehe.

Kasian akacheka kidogo. "We binti, bado unamlinda maiti?"

"Tupa chini hiyo."

"Mzee amekufa bati linamvujia kitandani. Mimi siwezi kufa vile."

"Ndiyo ukamtwisha wizi wako?"

"Maiti haifungwi jela, Sekela."

Akainua bastola.

Sekela aliwahi kufyatua. Bastola ikaruka, Kasian akapiga magoti akiushika mkono wake wa kulia.

"Nani kanichongea kwenu?"

"Wewe. Humwamini mtu, ukashona mwenyewe. Hebu angalia ulivyoshona."

Kasian aliangalia magunia. Muda mrefu.

Sekela akachana gunia moja. Mpunga ukamwagika, kisha kitu cha njano, kizito, kikaanguka miguuni pake.

"Nyuki, kazi nzuri," Isakwisa alisema sikioni. "Ila gazetini haitatoka. Kasian ana watu wake huko juu."

"Na jina la mzee?"

"Mzee ameshakufa, dada yangu."

Sekela akachomoa kidude, akakitia mfukoni. Kifungo cha koti lake kilikuwa kamera. Kilikuwa kimerekodi kila neno. Akaituma sauti Idodi, kwa mjane wa Gavana, Mama Rozalia.

Simu ikaita baada ya dakika tano.

"Mzee ni msafi, mama."

"Mimi nilijua. Waambie hao wakubwa."

"Wanajua, mama. Walijua tangu siku walipomfukuza."

"Na Kasian wangu, umemuumiza?"

"Mkono. Wa kulia."

"Ule wa sindano," mama alisema, akakata simu.

Gari la polisi lilipofika kumchukua Kasian na mzigo, Sekela akavaa helmeti, akapiga kiki, akaelekea mjini bila kugeuka nyuma.