Hali ya Saa Kumi na Mbili

Walikutana kwenye foleni ya mapokezi ya hospitali, kila mmoja kaitiwa kazi ileile. Mchoraji wa kurasa za tovuti alivaa gauni la kijivu lenye mifuko mikubwa. Fundi wa programu, shati lake lilikuwa limenyooka mbele tu. Nyuma lilijaa makunyanzi.

"Pasi iliishia kifuani?" Mchoraji alimtania.

"Mgongoni hakuna anayenitazama."

"Leo yupo."

Kuanzia hapo akamwita Pasi. Kazi ikawaunganisha meza, chakula kikawaunganisha sahani. Walitengeneza ukurasa ambao ndugu angeufungua kwenye simu asome hali ya mgonjwa wake. Kiolezo kilikuwa tayari, na mapengo mawili: jina na hali. Ugomvi ukawa yajazwe lini.

"Yajazwe pale mtu anapofungua," Mchoraji alisema kikaoni. "Mgonjwa habadiliki kwa ratiba."

"Seva yetu kuukuu itaelemewa," akajibu Mkurugenzi, ambaye kiyoyozi chake kilikuwa kipya. "Kurasa zote zijazwe saa kumi na mbili asubuhi, zikae hivyo siku nzima. Fundi, unasemaje?"

Jana yake Fundi alikuwa amemwambia Mchoraji, sasa mpenzi wake, kwamba seva ile ingeweza, tena bila kutoa jasho. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha.

"Mara moja kwa siku itatosha, mkuu," akasema, akiitazama kalamu yake.

Wenye vyeo hawahitaji wengi wa kuwatetea. Mwoga mmoja anayeijua kazi anawatosha.

"Umeniuza, Pasi," Mchoraji alimwambia koridoni.

"Wakinithibitisha kazini nitabadilisha, mpenzi. Vumilia."

Alimpenda, akavumilia. Fundi akathibitishwa, na ukurasa ukabaki vilevile.

Mwezi uliofuata mama yake Mchoraji alilazwa wodi ya tano. Saa sita mchana binti alifungua ukurasa, kisha akapiga simu akiwa na furaha.

"Pasi wangu, mama anaendelea vizuri. Acha nimnunulie machungwa, nimpitishie saa kumi."

Fundi alijua maneno yale ni ya alfajiri. Akaona haya kulisema hilo.

"Sawa, laazizi. Usikimbie."

Saa kumi kitanda kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa.

"Pole, dada," alisema muuguzi. "Alizidiwa saa tatu, nikaandika palepale kwenye kompyuta kwamba ni mahututi. Alikuwa anakuita tu, mpaka saa tisa alipokata roho."

Siku ya nne baada ya mazishi, Fundi alisimama mlangoni kwa Mchoraji, macho mekundu.

"Nimeubadilisha. Sasa unajazwa pale mtu anapofungua. Sikumwomba mtu ruhusa, wanifukuze wakitaka. Na nataka nikuoe. Nilikuwa nimepanga nije kwa mama nijitambulishe..."

"Kuubadilisha kumekuchukua muda gani?"

"Saa mbili."

"Mama alinisubiri sita."

Akaurudisha mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba alicholala mgonjwa.