Gari Jipya la Mwaka Jana

—na kumbe zilikuwa kwenye droo yake muda wote! Shoga, keti hapo ulipo na simu yako. Nikianzia mwisho hutaelewa kitu, na mimi mwenyewe moyo unanienda mbio.

Tangu tumalize chuo hujaonana na dada yangu mshonaji, wala hukumjua vizuri baba yetu. Baba alikuwa dereva wa mabosi maisha yake yote. Kufungulia watu mlango, kuambiwa kata kulia, kata kushoto. Alipostaafu akabaki na hamu moja tu: aendeshe gari lake mwenyewe, nyuma pasiwe na mtu. Na liwe jipya! "Makochi yaliyokaliwa na wengine nimeyachoka," alisema. Halafu moyo wake ukaanza kuchoka, na daktari akatuvuta pembeni: kama kuna jambo mnataka kumfanyia mzee, msichelewe.

Basi dada akaenda kwenye duka la magari siku ya punguzo. Watu wamejaa, milango inafunguliwa na kubamizwa. Kavaa lile gauni la kijani alilojishonea, linalomkaa kama kazaliwa nalo. Akayapita magari yote yanayong'aa mbele, akasimama nyuma kabisa, kando ya kagari keupe kenye vumbi.

"Hilo la mwaka jana, dada," sauti ikamwambia. "Jipya kabisa, hajalikalia mtu. Mtindo mpya ulipoingia wateja wakalikimbia, na tofauti yenyewe ni taa tu."

"Kwa hiyo limekosa mchumba."

"Halijakosa. Linachagua sana."

Dada akageuka. Muuzaji mrefu, macho ya aibu, na suruali imenyooshwa hadi mkunjo wake ungekatia nyanya. Nyumbani tulimbatiza Pasi kabla hata hatujamwona.

Wiki ileile dada akalipa. Zikabaki namba za usajili tu, maana bila namba gari halitoki getini.

"Njoo Jumamosi," Pasi akasema.

Jumamosi: namba bado. "Lakini gari likikaa bila kuwashwa, betri inakufa, matairi yanalala upande mmoja. Njoo tuliwashe."

Wakaingia. Viti bado vina nailoni, inalia kwarakwara wakijigeuza. Gari likasogea mbele kidogo, likarudi nyuma kidogo.

"Tunafika wapi leo, dereva?"

"Mpaka ukutani, mama. Nauli ni tabasamu."

"Nina noti kubwa, una chenji?"

Shoga, wakanogewa! Ikawa kila Jumamosi wanasafiri mpaka ukutani. Na simu je?

"Umelala, malkia wa cherehani?"

"Nimelala. Anayeongea ni cherehani."

Nikamuuliza dada, mbona humwambii gari ni la baba, na baba anaumwa? Akanijibu, "Atanionea huruma. Mimi sitaki mapenzi ya pole."

Na huku nyumbani sasa. Kila Jumamosi baba ananyoa ndevu, anavaa viatu, anakaa barazani. Dada akitokea, baba anatazama nyuma ya mgongo wake.

"Namba bado?"

"Bado, baba."

"Hawa watu wa ofisini nao!" anasema, anainama kuvua viatu.

Jumamosi moja hakuvaa viatu. Wiki ileile tukamzika.

Dada akawa hapokei simu ya mtu. Pasi akapiga, akapiga, akatuma ujumbe wa mizaha, akatuma wa kubembeleza. Akajiambia basi, kapata mwingine. Leo mchana akaamua kuja mwenyewe, analiendesha lile gari, limeoshwa, namba mbele na nyuma. Mimi nipo uani napanga viti vya msiba virudishwe.

"Shemeji," ananiambia huku akicheka, "mlikuwa na sherehe bila kunialika?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, na gari lilikuwa la nani. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Dada akatoka, kitambaa cheusi kichwani. Akalitazama gari, akamtazama yeye.

"Namba zimetoka lini?"

Angeweza kusema jana, shoga. Jana tu, na yangeisha!

"Zilitoka wiki ileile uliyolipa," akasema. "Zilikuwa kwenye droo yangu. Niliona ukishalichukua gari, hutakuwa na sababu ya kurudi."

Dada akapitisha kidole juu ya namba ya mbele.

"Ungeniomba tu nirudi," dada akasema polepole. "Ningerudi."

"Sikujua kama mzee..."

"Hukujua kwa sababu sikukwambia. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako libebe wewe."

Pasi akaweka ufunguo juu ya kiti, akatoka kwa miguu. Dada akauchukua, akaingia garini, akakaa mbele ya usukani na kuendesha hajui. Akafunga mlango.

Simu yake ikalia. Namwona Pasi pale kwenye kona, kaegemea ukuta, simu sikioni. Dada akaiacha ilie mpaka ikachoka. Ikalia tena. Akapokea.

Hawasemi kitu! Nilipeleka maji, nikagonga kioo, akakishusha kidogo tu kupokea kikombe. Nikasikia sauti ya Pasi, "Usikate," na dada, "Sijakata." Basi. Wanalia wote wawili, kila mmoja upande wake.

Nawaona hapa dirishani mpaka sasa hivi. Kama ni kusameheana au kuagana, wallahi sijui, na nadhani hata wao hawajui. Jua linalipiga gari na vioo kafunga vyote, ngoja nikamfungulie mlango apate hewa. Kesho hujaamka nitakuwa kitandani kwako, nikwambie nani alikata.