Kamongo wa Dimbwi Kavu

Ekseli ilikatika saa sita mchana, na uvundo ukawafikia kabla vumbi halijatua. Nyuma ya lori pipa moja la samaki lilikuwa limepinduka, maji ya dawa yakichuruzika kwenye mbao. Melania akaziba pua kwa ncha ya kanga. Siku kumi na mbili amekula na kulala na harufu ile, na sasa imewatupa katikati ya pori la mbung'o, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka machimbo ya Nyarugusu. Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na tatu, na mvua ilikuwa haijulikani iko wapi.

Hayo yote aliyataka mumewe. Mwalimu Onesmo aliapa kupeleka kwenye maonyesho ya Shinyanga kila aina ya samaki wa ziwa na mito, na Melania, binti wa mvuvi wa Kizinza, ndiye aliyemtajia majina: ningu, domodomo, gogogo, furu wa kila rangi. Walikuwa wamefikisha aina thelathini na saba. Gogogo alimlipa Mwalimu kwa mwiba wake, akamchoma unyayoni. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, unang'aa kama bilinganya.

"Maji," Onesmo akasema.

Nkwabi, dereva, akashusha debe la kunywa. Akafungua, akanusa, akarudi nyuma. "Mwalimu, humu mna samaki!"

"Ni samaki aitwaye soga. Nilimweka akiwa hai," Onesmo akasema bila kuwatazama. "Akafa jana. Nikaona ataoza, nikamtilia dawa kidogo."

"Ndani ya maji yetu?" Melania akauliza.

"Mapipa yalijaa, Mama Generosa," akamjibu mkewe kwa jina la mtoto wao.

Melania akacheka kicheko kikavu. "Basi kunywa wewe. Utakaa miaka mia bila kuoza."

Nkwabi akakinga maji ya rejeta, yenye kutu na mafuta. Akapiga mafunda mawili, mengine akawaachia. "Mayu," akamwambia Melania kwa heshima ya Kisukuma, "msiondoke hapa. Kesho kutwa nitarudi na watu wa machimbo."

Kesho yake asubuhi maji yale yakaisha. Jeraha lilikuwa limepasuka. Usaha wa kijani ukatoka, nzi wakagombea nafasi. Onesmo akaanza kuweweseka, ulimi umemvimba mdomoni. Melania akajua: bila maji, Nkwabi atakuja kubeba maiti. Akachukua panga na sufuria, akafuata mteremko, kwa maana maji hata yakifa huzikwa bondeni.

Chini alikuta mbuga ya udongo mweusi imepasuka vipande vipande, na katikati yake dimbwi lililokauka. Tone hakuna. Lakini kwenye udongo aliona vitundu vidogo, midomo yake laini. Akavitambua.

Haya, tega sikio: mvuvi gani ndoana yake ni jembe? Umeshindwa? Mvuvi wa kamongo. Mvua zikiisha, kamongo hujizika topeni, akajivika ute wake, akapumua kwa kitundu mpaka masika. Na kwao Melania mwanamke hamli kamongo, hamgusi, wala chungu alimopikwa hakirudi jikoni kwake. Tangu utoto alimwona kama nyoka aliyekosea akazaliwa na mapezi.

Akachimba. Kina cha mkono mzima akafikia bonge la tope, akalipasua. Kamongo akajikunjua, mwenye utelezi, mnene, akaguna kama mtoto aliyekatizwa usingizi. Melania akatapika nyongo tupu. Lakini chini ya yule samaki udongo ulikuwa mbichi. Akachimba tena, mpaka kucha zikavunjika, hata maji yakaanza kujikusanya, mazito, ya kijivu, yenye utando wa ute. Akayachuja kwa kanga, harufu haikuchujika. Akanywa. Yakarudi. Akanywa tena, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kule lorini, Onesmo aliponyweshwa akafumbua macho, akamwona samaki aliyefungwa kamba.

"Wa thelathini na nane! Usimkate, Mama Generosa. Mtie kwenye pipa."

"Nyamaza. Mguu wako unanuka kuliko pipa."

Akamkata. Mafuta yakamtelezea viganjani, moshi wa nyama ukanuka tope. Akamlisha mumewe kipande kwa kipande, kisha akageuka ateme mate.

"Na wewe?" Onesmo akauliza polepole. "Ukianguka, nani atateka maji?"

Wapo watakaokuambia njaa hutia kila kitu utamu. Waongo hao. Melania alikula amefumba macho, na kila tonge lilishuka likipigana naye. Kisha akachemsha maji, akachoma panga motoni, akapasua uvimbe na kuukamua. Onesmo akapiga yowe. Usaha ukamrukia Melania kifuani. Hakuacha mpaka ilipotoka damu safi.

Siku ya tatu Nkwabi alirudi na lori la wachimbaji. Walipombeba Onesmo, homa ilikuwa imeshuka, na hakuuliza habari za mapipa. Mchimbaji mmoja wa Kizinza, Marselino, akampa Melania kikombe cha maji safi.

"Mmeishi kwa kula nini, mama?"

"Tulipata digidigi," Onesmo akawahi.

Melania akamtazama. Mwongo wake maskini, anamfichia mkewe aibu.

"Kamongo," akasema. "Nilimchimba mimi, nikampika, nikamla."

Nkwabi akainamisha kichwa. Macho ya Marselino yakashukia kikombe chake. Melania akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akamrudishia.

"Ukiona kinyaa, kitupe. Mimi niliona kinyaa zaidi yako, na mume wangu yu hai."

Marselino akakigeuzageuza kile kikombe. Kisha akakichovya debeni, akanywa yeye, na lori likaondoka.