Saa Kumi na Sita za Aila

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, nililala chali kwenye sakafu ya jikoni nikikunja goti langu la kushoto. Nilikuwa nimeliumiza vibaya mwezi wa pili, nilipoanguka nikiteleza thelujini. Mama alikaanga mayai, na dada yangu Aila alinihesabia.

"Ishirini na tisa… Wee Signe, hiyo haihesabiki! Umekunja nusu."

"Mkali kweli! Na hata chuo hujaanza."

Aila alikuwa na miaka ishirini na miwili na alitaka kusomea tiba ya viungo. Maombi yangeanza kupokelewa katikati ya mwezi wa sita. Chuo alichokipenda kilichagua wanafunzi kadiri maombi yalivyoingia. Aliyechelewa alikuta nafasi zimejaa. Lakini kilitaka pia mwombaji awe amekaa na mtaalamu kazini kwa saa mia moja. Aila alikuwa na themanini na nne tu.

"Andika mia, utume siku ya kwanza," rafiki yake Corinne, aliyekuwa akiomba pia, alimshauri. "Hizo zingine utazimaliza mwezi wa saba. Nani atajua?"

Jioni ile nilichungulia kompyuta ya Aila. Alikuwa ameandika mia.

Ningesemaje, nami nilikuwa na langu? Bi Haugen, mtaalamu aliyenitibu, alinipa karatasi ya kuweka alama kila nikimaliza mazoezi, asubuhi na jioni. Ya asubuhi nilifanya. Jioni nilikaa na michezo ya simu, kisha nikaweka alama.

Jumatano tulikwenda kwa Bi Haugen. Aila alikaa pembeni na daftari lake, kwa kuwa saa zake alizipata hapo hapo. Bi Haugen alikunja goti langu, akalipima. Akalipima tena.

"Karatasi inasema umefanya yote, mwanangu. Mbona goti halijaongeza kukunjika wiki tatu sasa? Leo nilitaka kukuanzishia mazoezi ya kuruka."

Machozi yalinitoka. "Ya jioni sijafanya, Bi Haugen. Nilikuwa naweka alama tu."

Hakunifokea. Alivuta kiti karibu. "Asante kwa kuniambia. Ningeiamini hii karatasi, ungeruka, ukaumia upya. Na mwenye kosa ningekuwa mimi."

Nilimtazama Aila. Alikuwa ameinamisha kichwa, masikio mekundu.

Tulipofika nyumbani alifungua kompyuta, akafuta ile mia.

"Utatuma themanini na nne?" nikauliza.

"Hawapokei. Nasubiri hadi zitimie."

"Na nafasi zikijaa?"

"Basi zitakuwa zimejaa, Signe." Akafunga kompyuta.

Saa kumi na sita zilizobaki alizimaliza akimwangalia Bi Haugen akimtibu Mzee Tollefson, aliyepooza upande mmoja. Siku ya mwisho mzee alivuka chumba kizima bila mkongojo, akamshika Aila mkono, akacheka huku analia. Hayo ndiyo Aila aliyoyaandika kwenye barua yake ya maombi. Maombi aliyatuma tarehe kumi na tisa mwezi wa saba, zaidi ya mwezi mmoja baada ya Corinne.

Mwezi wa kumi chuo alichokipenda kilijibu: nafasi zimejaa. Aila alijifungia chumbani siku nzima, na Mama akamwachia supu mlangoni. Wiki tatu baadaye, chuo kingine, kidogo, alichokuwa amekiomba pia, kilimwandikia kuwa kimempokea. Walisema barua yake kuhusu yule mzee waliisoma kwa sauti kwenye kikao cha kuchagua wanafunzi.

Siku hiyo hiyo tulimpelekea Bi Haugen keki ya tufaha. Mimi niliingia mbio. Goti lilikuwa limepona.

"Nakushukuru kwa goti," nikamwambia.

"Nami nakushukuru kwa ile Jumatano," Aila akasema, kisha akamweleza kila kitu, hata ile mia aliyoifuta.

Bi Haugen aliiweka keki mezani. "Ulifanya vizuri kusubiri, Aila. Kuwahi ni kuzuri, ila uwahi na kilicho chako kweli. Mgonjwa atalala mbele yako na kukuachia mguu wake, naye hana njia ya kukagua ulichojifunza na ulichojaza tu kwenye karatasi. Lazima ujikague mwenyewe. Na wewe Signe, hilo linakuhusu hata darasani. Haya, kateni keki."