Pancha Isiyo na Tundu

"Mwanamke hapatikani kwa ujanja, Wubbo," nilimwambia rafiki yangu, simu nimeibana kati ya sikio na bega. "Anapatikana kwa miguu. Mimi Fenna nimempata kwa miguu yangu hii miwili. Maua sikununua, shairi sikuandika, na hila sijui hata inafananaje."

"Sssss," likasema tairi.

"Sauti gani hiyo?" Wubbo akauliza.

"Upepo."

Hapo sikudanganya. Nilikuwa nimechuchumaa ukutani kwa babu yake Fenna, vidole viwili kwenye nati ya valvu ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya Fenna. Valvu za kwetu hazidai spana. Unalegeza, upepo unatoka wote, unakaza tena kama ilivyokuwa, unaondoka ukipiga mluzi. Mtoto wa chekechea anaweza, na wengi wao wameshafanya.

Nilikuwa nimefika kona ya pili simu ilipotetemeka.

*Pancha TENA. Nina mtihani wa vitendo saa tatu. Uko wapi?*

*Karibu na kwenu,* nikaandika. *Nakuja.*

Kisha nikasimama kidogo nikatazama bata mferejini. Anayefika haraka mno hushukiwa.

Fenna alikuwa mlangoni, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni, begi la chuo cha uuguzi mgongoni, anaitazama baiskeli yake kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu.

"Jelmer, wewe ni malaika."

"Malaika wana mabawa. Mimi nina keria. Ruka."

Nikaanza kukanyaga. Akanikimbilia nyuma, akarukia keria kwa upande bila mimi kusimama, kama wanavyorukia wasichana wote wa mji wetu wa Groningen, na mkono wake mmoja ukaingia kwenye mfuko wa koti langu. Mvua ya Novemba ilikuwa inatupiga usoni. Sisi si sukari, hatuyeyuki.

"Mimi mzito?" akauliza.

"Gunia la viazi likikuona litajisikia jembamba."

"Shuka, nikanyage mimi."

"Malaika habebwi."

Akanipiga kofi la mgongo, halafu shavu lake likalala pale pale alipopiga. Jamani, kwa shavu lile ningelegeza valvu za mji mzima.

Kabla hamjaniita shetani, sikilizeni. Pancha ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa Septemba, mvua inamwagika, nami natoka kwenye duka la mikate ninapofanya kazi, jirani na chuo chao. Nikamkuta Fenna nje ya lango, tairi limelala. Kipande cha kioo cha kijani, cha chupa ya bia, nilikiona kwa macho yangu haya. Nikampakia. Njiani tukakuta daraja limeinuliwa kupisha meli, tukasimama tunalowa, na hapo ndipo alipoegemea mgongo wangu mara ya kwanza. Aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulihamia kwangu palepale darajani, kabla ile meli haijamaliza kupita.

Kesho yake baiskeli yake ikawa nzima. Akanipita barabarani, akanipungia mkono, akaenda zake. Unaupungiaje mkono mgongo ulioulalia jana? Nikavumilia. Kisha vidole vikaenda vyenyewe.

Kumbe katika hesabu zangu zote nilimsahau mtu mmoja: Babu Harm.

Ile baiskeli nyeusi ilikuwa ya marehemu mkewe, Bibi Roelfien. Tangu ujana wao Babu ndiye aliyekuwa akiiziba na kuijaza upepo, na mkewe alipofariki akampa Fenna na kuendelea kuitunza vilevile. Jioni moja nilimkuta jikoni, mikono ya shati ameikunja, mpira wa ndani ameuzamisha kwenye beseni la maji.

"Jelmer, sogea. Wewe macho yako bado mapya. Unaona povu?"

Maji yalikuwa yametulia.

"Sioni, babu."

"Na mimi sioni. Valvu nzima, nimeikagua. Lakini kesho tairi litakuwa chini, utaona. Maana yake tundu lipo, ila mimi silioni." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na hii miwani ni mpya."

Nilifungua mdomo. Nikaingiza biskuti.

"Roelfien hakuwahi kuisukuma baiskeli hii hata siku moja," akasema. "Alikuwa akiwaambia watu, wenzangu wameolewa na mashamba, mimi nimeolewa na pampu." Akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Sasa mjukuu wake anachelewa mtihani kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako, babu."

"Kwa sababu ya nani basi?"

Biskuti ile sikuimeza hadi nilipofika nje.

Siku chache baadaye Fenna akaniandikia:

*Babu amefunga boksi la viraka. Anasema uzee umemwingia mikononi. Leo kaenda sokoni kwa miguu. Anasema asiyeona tundu hataona na gari.*

Nikaisoma nikiwa kazini, mikono imejaa unga. Mzee wa kwetu akiacha baiskeli, majirani huanza kuongea juu yake kwa sauti ya chini. Nikampigia Fenna.

"Amekula?"

"Kidogo. Amekaa tu. Jelmer, naogopa. Bibi naye alianza hivihivi, aliacha kuendesha, halafu akaacha mengine."

"Babu yako ana nguvu."

"Alikuwa nazo mwezi uliopita."

Nikaacha. Naapa tangu siku ile sikugusa nati. Lakini kuacha kuvunja si kutengeneza. Fenna aliipeleka baiskeli kwa fundi wa mjini, akawekewa mpira mpya, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeacha, tairi likasimama wima wiki nzima.

"Umeona?" Babu Harm akamwambia. "Kwa fundi haitoki pancha. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naiharibu."

Fenna aliponisimulia hayo alilia, na mimi ndiye niliyemfuta machozi. Nilimfuta kwa vidole vilevile.

Jumamosi ikawa siku ya kuzaliwa ya Babu. Tulikaa kama inavyokaliwa siku hizo, viti vimepangwa duara sebuleni, kila mtu kikombe cha kahawa na kipande kimoja cha keki. Nilizunguka nikimpa mkono kila mmoja, maana kwetu hupongezwa wote na si mwenye siku peke yake, hongera kwa kaka yako, hongera kwa jirani yako, hadi nikafika kwa Bi Geertje wa nyumba ya mbele, mjane anayekaa dirishani kwake kutwa na soksi anazofuma. Kwetu hatufungi mapazia. Dirisha lake limekuwa wazi miaka yote, na kitu kilicho wazi kila siku mtu huacha kukiona.

"Hongera kwa jirani yako, Bi Geertje."

"Asante, kijana. Umekonda."

"Ni Fenna. Ni mzito."

Duara likacheka. Fenna akanirushia kijiko.

Ndipo Babu Harm akainuka, akatoa boksi la viraka kabatini, la bati, rangi imebanduka pembeni. Akaniwekea mapajani.

"Hili lako sasa. Msasa, gundi, viraka, vyote vimo. Mtunzie Fenna baiskeli. Na ile yangu nimepata mteja, Jumatatu anakuja kuiangalia."

Fenna akainamia kahawa yake. Nikalishika lile boksi kwa mikono miwili.

"Babu, usiuze," nikasema. "Haikuwa mikono yako."

"Ilikuwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikamtazama Fenna, nikaona nitakachopoteza, na ulimi ukakata kona wenyewe.

"Watoto. Watoto wa shule. Walikuwa wanalegeza valvu, upepo ukiisha wanakaza tena. Niliwaona asubuhi moja. Niliwafukuza hadi mferejini."

"Wangapi?" Fenna akauliza.

"Watatu."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka niwakamate kwanza."

"Kijana hodari," akasema kaka yake Babu, na mwingine akanisogezea keki ya pili, jambo ambalo kwenye maduara yetu halitokei. Uso wa Babu ulianza kufunguka. Nikajisemea, Jelmer, umetoka salama, na mzee amepona.

Bi Geertje akaweka soksi mapajani.

"Kwa hiyo ile ndiyo kulegeza valvu," akasema taratibu.

"Ipi, Bi Geertje?" Fenna akamgeukia.

"Mimi asubuhi sina runinga, nina nyinyi. Watoto sijawaona. Nimemwona huyu. Anachuchumaa, simu sikioni, mkono kwenye gurudumu. Nilidhani anamjazia mchumba wake upepo. Nilimwambia hata binti yangu, bado wapo vijana wenye adabu." Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Leo ndiyo nimeelewa, kwa maelezo yako mwenyewe."

Fenna akaweka kikombe chini.

"Jelmer," akasema Fenna. "Kana."

Sikukana.

Babu Harm alikuwa anatazama mikono yake. Akaigeuza, akaitazama tena.

"Kwa hiyo hii haina kitu."

"Haina, babu. Nisamehe."

"Na macho?"

"Yanaona kila kitu. Matundu hayakuwepo."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Akaja akalichukua boksi lake mapajani mwangu, akalikumbatia. "Jumatatu nitamwambia yule mteja asije," akasema, si kwa yeyote.

Nilitaka kufurahi. Sikujua kama bado naruhusiwa.

Fenna hakupaza sauti. "Ungeniomba tu," akasema. "Ungesema, Fenna, panda. Ningepanda. Hata baiskeli ikiwa nzima ningepanda."

"Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ukamwacha babu yangu atembee sokoni kwa miguu."

Utani wote niliozaliwa nao ulikuwa umetoka nje kuvuta hewa.

"Nina swali moja," akasema. "Nakuuliza mbele za watu, maana pembeni utanichekesha. Ile siku ya kwanza, nje ya chuo. Mvua, daraja, ile meli. Hiyo ndiyo siku ninayoitunza. Kama ile ilikuwa ya kweli, hizi nyingine nitajifunza kuzisamehe, hata kama itachukua mwaka. Kama nayo ulinitengenezea, chukua koti lako."

"Kioo," nikasema. "Cha kijani, cha chupa ya bia. Nilikiona kwa macho yangu."

Taratibu uso wa Fenna ukaanza kulegea, na mkono wake ukasogea kidogo juu ya goti, upande wangu.

Babu Harm alikuwa amefungua boksi lake, anapanga viraka kwa ukubwa, mwenye furaha, hana nia mbaya na mtu yeyote.

"Kioo?" akasema bila kuinua kichwa. "Hapana, mwanangu. Siku ile ndiyo niliyoanza kuyatilia macho yangu shaka. Nilipitisha kidole ndani ya tairi lote, mara mbili, nikauzamisha mpira. Hakukuwa na kioo, hakukuwa na tundu, palikuwa laini kama shavu la mtoto." Akainua miwani, akanitazama. "Na macho yangu yanaona kila kitu. Si umesema mwenyewe?"

Mkono wa Fenna ukarudi.

Nanyi mnanitazama hivyohivyo, najua. Hata nyinyi niliwaambia ni kioo.