Maji Hayupo

Jiko lilipatikana jua likiwa linazama, na mwenye duka akakataa kulipakia saa hizo.

"Wabebaji wamekwisha ondoka," alisema huku akishusha lango la bati. "Njooni kesho asubuhi."

Mzee Velji Fofandi akasonya. Tangu asubuhi yeye na bintiye Ramila walikuwa wakizunguka maduka ya Alang, pwani ya Wagujarati, yale yanayouza kila kinachong'olewa kwenye meli zinazokatwakatwa ufukoni: magodoro, vikombe, vyoo, hata picha za wake wa watu. Ramila alitaka jiko la chuma la matundu sita kwa ajili ya mgahawa wake kule Veraval. Baba yake alikuwa mpishi wa meli miaka thelathini na moja, basi nani mwingine angemchagulia?

"Tulale hapa hapa, Baba. Ipo ile hoteli ya meli."

"Mimi nimelala melini nusu ya maisha yangu. Leo tena nikalale kwenye meli ya nchi kavu?"

"Wanasema baharia mstaafu halipi."

Velji akaacha kusonya. Cha bure hakuwahi kukikataa mzee yule.

Hoteli ya Jahaj ilikuwa jengo la orofa mbili kando ya barabara ya malori. Mwenyewe, Dharmesh, alikuwa ameivisha vitu vya meli zilizochinjwa pale pale mjini: madirisha ya duara, maboya ukutani, kila boya na jina la meli yake. Kwa mlo ilipigwa honi. Dharmesh alipokea wageni amevaa kofia ya nahodha iliyomzidi kichwa, akawaambia, "Karibuni melini!"

"Nahodha gani huyu hana hata ndevu," Velji alimnong'oneza bintiye, wakacheka.

Ramila akapewa kitanda kwenye chumba cha wanawake, juu. Velji akapelekwa mwisho wa korido ya chini. "Hiki ndicho cha mabaharia," Dharmesh alisema. "Ni nadhiri ya mama yangu. Mlango aliununua mwenyewe."

Mama mtu alikuwepo. Bibi Santok, kikongwe wa sari nyeupe, alikaa kwenye kigoda kando ya mlango akichambua dengu. Miguuni pake palikuwa na chungu cha maji, kimefunikwa kwa kikombe cha shaba.

Velji aliutazama mlango. Wa chuma, mzito, wa kijani kilichobabuka. Katikati palikuwa na maandishi ya rangi ya manjano, ya mkono, yaliyoinama upande.

*Nyumbani kwa Maji.*

"Lo!" Velji alipiga kofi pajani. "Ramila! Njoo uone! Mlango wa meli yetu Hemlata huu! Mlango wa stoo ya kamba! Na mwandiko huu ni wangu mimi, baba yako!"

Kikongwe akaacha kuchambua.

"Wako?" aliuliza taratibu.

"Wangu, Ba! Nimeuandika kwa mkono huu," Velji alijibu, akimwita Ba kama Wagujarati wamwitavyo bibi.

Ramila alishuka ngazi mbio, tayari anacheka. Kisa hiki alikijua tangu akiwa na meno ya utoto. Kilisimuliwa harusini, kilisimuliwa matangani, na kila mara watu walishika mbavu.

"Tulitoka Mtwara, Afrika, tumejaza korosho," Velji alianza. "Siku ya pili tukakuta wazamiaji watatu, vijana weusi, wamejificha nyuma ya magunia. Nahodha akasema wafungiwe stoo ya kamba, na mpishi awape chakula. Basi mimi nikawapa. Bumla, yule samaki mkavu, wa chumvi. Nawapenyezea chini ya mlango. Na wao, wanaume wazima, Ba, na vifua vile... unajua walilia nini?"

Akabana pua, akatoa sauti nyembamba ya kitoto.

"Maji! Maaaji! Kaka, maji!"

Dharmesh akaangua kicheko. Ramila akafuta machozi.

"Nikawajibuje, Ramila? Sema!"

"Maji hayupo! Kaenda sokoni!"

Wakacheka tena, baba na binti, mpaka korido ikavuma.

Kwa Wagujarati, maji ni mama, tena mama mtu mzima wa kuheshimiwa. Kiu yao wao huikata kwa pani. Kwa hiyo Velji alisikia midume mitatu ikililia mama zao gizani, na miaka ishirini na saba hajapata kuona kichekesho kama kile. Wewe unayesoma umekwisha kuelewa, na najua hucheki.

Bibi Santok naye hakucheka.

"Uliwapa samaki wa chumvi," alisema. "Na cha kunywa?"

"Hawakuomba."

"Siku ngapi?"

"Nne. Ya tano wakanyamaza. Nahodha akawashusha."

"Bandari gani?"

"Ah, Ba! Katikati ya bahari kuna bandari?" Velji akamkonyeza Dharmesh.

Kikongwe akainuka, goti moja halafu la pili. Akakibeba chungu chake. Maji yakacheza ndani, chubwi... chubwi... akaondoka nacho.

"Mama, chungu unakipeleka wapi?" Dharmesh alimuuliza. "Kila siku si huwa unakiacha hapo?"

"Leo hakina kazi," alijibu bila kugeuka.

Velji akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake kwa uzito wake mwenyewe.

Dum.

Chumba kilikuwa kidogo, safi. Kitanda cha baharia, dirisha la duara lisilofunguka, beseni la kunawia. Lakini harufu... Ilikuwa harufu ya kamba mbichi na lami, na chini yake, bumla. Velji akatabasamu. Pua za uzee hizi, alijiambia, zinakumbuka zenyewe.

Akavua viatu. Kucheka kumemkausha koo, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa upepo.

Akainua jagi. Tupu.

"Hoteli ya bure hii," alinung'unika, akaenda mlangoni. Ndani palikuwa na komeo la kawaida. Halikufungwa. Akavuta mlango.

Haukusogea.

Akavuta kwa mikono miwili, akaegemeza mguu ukutani. Wapi! Jasho jembamba likamtoka, kisha hata jasho likakatika. Ulimi ulikuwa umeanza kugandana na kaakaa. Haiwezekani, aliwaza. Nimekunywa chai sasa hivi, saa haijapita.

Nyuma yake mtu akapumua.

Velji akageuka. Hapakuwa na mtu. Kitanda, beseni, dirisha. Nje mwanga wa jioni ulikuwa bado mwekundu.

Pumzi ya pili. Ya tatu. Zilikwaruza, za watu waliokauka hadi mapafuni, na zilitoka chini, sakafuni, pale watu watatu wangeweza kujilaza wakibanana.

"Kaka..."

Ile sauti aliijua. Alikuwa ameiigiza muda si mrefu.

"Kaka... maji..."

Akaupiga mlango ngumi. "Fungua! Dharmesh! Nahodha!"

Hatua zikaja kwa nje, ndogo, za kandambili. Zikasimama. Kisha mnong'ono ukapenya chini ya mlango, karibu kabisa na sakafu, hata Velji ikambidi alale kifudifudi ili ausikie.

"Fofandi. Mimi nimezaliwa Lindi. Unaijua Lindi?"

"Ba, nifungulie, nakusihi."

"Ni jirani na Mtwara. Baba yangu alikuwa na duka la vitenge. Yaya wangu aliitwa Somoe. Lugha ya Somoe niliijua kabla sijajua ya mama yangu. Mlango huu nimeukuta sokoni ukisema lugha ile. Miaka sita unaniamsha. Nauwekea chungu cha maji kila jioni, asubuhi nakikuta kikavu. Nilitaka kumjua tu aliyeandika."

"Ba..."

"Kule, Fofandi, maji si mama."

Velji akabandika sikio sakafuni.

"Maji ni pani."

Mbele ya macho yake pakapita kila kitu, kimoja kimoja. Vidole vikitoka chini ya mlango vikisukuma nje samaki ambaye hakuguswa. Yeye akimrudisha kwa ncha ya kiatu. Ile sauti ikizidi kuwa nyembamba kila siku. Na yeye jikoni, na pipa zima la maji baridi ubavuni, akiwasimulia mabaharia wenzake, wakicheka.

"Sikujua!" alilia. "Naapa, sikujua!"

"Ungejua ungewapa?"

Alitaka kusema ndiyo. Hakuweza kulisema neno hilo, na kikongwe alisubiri muda wa kutosha. Kisha kandambili zikaondoka.

Honi ikapigwa. Saa moja, chakula tayari. Velji akasikia viti vikiburutwa ukumbini, wimbo wa redio, na zaidi ya vyote vikombe vya chuma vikigongana, mtindi ukimiminwa. Kila mmimino aliusikia. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akailamba, ulimi ukakwaruza.

Na wale watatu walikuwa wamesogea. Sasa walimpumulia kisogoni.

Mara hatua za haraka kwenye korido, kikuku kikilia. Ramila! Mwanangu! Velji akajikokota hadi mlangoni. Neno moja tu. Aombe pani, mwanawe ampe pani, basi. Akakusanya pumzi yote iliyobaki.

"Maji!"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Sivyo. Alitaka kusema pani.

"Maji! Ramila, maji!"

"Baba?" Kitasa kikatikisika. "Baba, umejifungia? Chakula kinapoa." Akasukuma, akasukuma tena. "Ba, mbona mlango haufunguki?"

"Amekomea kwa ndani," sauti ya Bibi Santok ikajibu. "Wazee wa bahari ndivyo walivyo, hawaamini watu."

"Lakini anasema nini?"

Velji aligandamiza sikio kwenye chuma. Katika mji ule mzima palikuwa na mtu mmoja wa kulitafsiri lile neno, na mtu huyo alikuwa amesimama pale pale, ubavuni mwa mwanawe.

Sema, Ba. Nakusihi, sema.

"Anaota, mwanangu," alisema kikongwe. "Anamwita mama yake."

Ramila akacheka. Alicheka kwa mapenzi, kicheko laini cha mtoto anayempenda baba yake.

"Masikini! Kile kisa kimemwingia kichwani." Akainama mlangoni, akabana pua. "Baba! Maji hayupo! Kaenda sokoni!"

"Maji," Velji alisema. Sasa ilikuwa pumzi tu. "Maji..."

"Haya, lala. Nimekuletea gathia, usije ukalala na njaa."

Karatasi ikapenyezwa chini ya mlango. Gathia za Bhavnagar, vijiti vya unga wa dengu vilivyokaangwa, vya moto, vikavu, vimenyunyiziwa chumvi. Juu yake pilipili mbili za kukaanga, nazo za chumvi. Kikuku kilipoanza kuondoka, Velji akaisukuma nje kwa vidole vyake.

Ncha ya kandambili ikairudisha ndani. Kandambili ilikuwa ndogo, ya kikongwe.

Kikuku cha Ramila kikapanda ngazi, ngazi moja, mbili, kumi... kikapotea. Ndipo mikono ya watu watatu, mikavu, ikamshika mabegani kwa upole na kumvuta nyuma wampe nafasi katikati yao.

Asubuhi mlango ulifunguka kwa kusukumwa na kidole. Daktari wa zahanati alisema ni moyo, lakini alimtazama marehemu mdomoni mara mbili na hakuandika alichokiona. Ulimi ulikuwa mweusi, umekakamaa. Midomo ilipasuka mithili ya mtu aliyekaa juani siku tano. Bomba la beseni lilikuwa likitiririka tangu alfajiri, na maji yamejaa sakafuni hadi kwenye vifundo vya watu.

Ramila alifanya inavyompasa binti. Alichukua kijiko cha maji ya mto Ganga na jani la mrihani, amdondoshee baba yake mdomoni ili aende salama. Maji yaligoma kuingia. Kila tone lilibingirika nje, likaanguka sakafuni. Alijaribu mpaka chupa ikaisha, akakaa chini akalia kwa sauti, nywele zimemtimka, na jiko lake la matundu sita likiwa juu ya lori barabarani linamsubiri.

"Ba," alimwuliza Bibi Santok, "jana usiku ulikuwa karibu yake. Kweli alikuwa anamwita bibi yangu?"

"Mpaka mwisho," kikongwe alimjibu, akamfuta machozi kwa upindo wa sari.

Kule Veraval Ramila anawasimulia watu hivyo hivyo. Baba alikufa akimwita mama yake. Wanawake wanashika vifua, wanasema ni kifo cha heri kile. Ila mwenyewe kila akifika pale alipobana pua mlangoni, koo linamkauka, inambidi aombe kinywaji kabla ya kuendelea.

Jioni ya siku ya mazishi, Bibi Santok alirudisha chungu mahali pake, akakaa kwenye kigoda, akakitia maji kwa kikombe cha shaba. Kimoja. Viwili. Vitatu. Akafunika.

Ndani wakaanza. Sauti tatu za vijana, kama kila siku, sasa zimetulia kidogo. Kisha ikaja ya nne, nzito, ya kizee, ikikwaruza ile lugha ngeni kwa lafudhi ya Veraval.

"Ba... maji..."

Kikongwe akaegemeza paji la uso kwenye maandishi ya manjano. Akamjibu kwa Kiswahili cha Lindi, lugha ya Somoe, ambayo kinywa chake kilikuwa hakijaitamka mbele ya mtu kwa zaidi ya miaka arobaini.

"Maji hayapo."