Paka Aliyeshonewa Jina

"Malkia."

"Sukari!"

"Nimesema Malkia. Lione lilivyo na shingo nene kama ya mlinzi wa benki, halafu uliite Sukari?"

"Na wewe umeona wapi malkia anayelamba sufuria la jana?"

Dada alikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wake saba, lakini asubuhi ile ungedhani ni rika moja. Walisimama kila mmoja upande wake wa meza ya kukatia vitambaa, mikono kiunoni. Katikati yao, juu ya mashati mapya ya shule, paka wa kijivu alikuwa anajilamba mguu kama mtu ambaye kesi ile haimhusu.

Alikuwa ameingia siku tisa nyuma, mchana, mlango ukiwa wazi. Aliingia tu, akaangalia chumba, akachagua mahali pa kulala. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa inamtafutia jina. Walimwita Simba, kwa kuwa kila mtu humwita paka wake Simba. Hakugeuka. Wakajaribu Chui, Pamba, Nyota, na Soksi kwa ajili ya miguu yake miwili myeupe. Dobi wa nyumba ya pili, mama mmoja mcheshi aliyepitisha nguo za watu kila siku, alishauri aitwe Mheshimiwa. "Anakula, analala, na akiulizwa anafunga macho. Jina jingine la nini?" Mama alicheka mpaka akaharibu mshono. Paka hakuitikia hata moja. Aliyasikiliza majina yakipita kama mtu anayengoja basi lake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule, na ndani ya kila kola alishona kipande cheupe chenye jina la mtoto kwa uzi mwekundu, maana watoto hubadilishana mashati bila kujua. Dada alikuwa ameacha shule mwaka uliopita ili amsaidie vifungo na pindo. Mdogo wake bado alikuwa anasoma. Alizaliwa na alama nyeusi chini ya jicho la kushoto, ndogo kama punje ya mchele, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye cheti. Nyumbani, barabarani, hata darasani, alikuwa Kidoti.

"Malkia!"

"Sukari!"

Mama akaondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Mnanipigia kelele kwa ajili ya paka? Mashati arobaini yananingoja, ninyi mnagombea jina la paka?" Akaingiza mkono kwenye kapu la vipande, akatoa kola ya shati la mdogo mtu la mwaka jana, lililokuwa limembana. Kile kipande cheupe kilichoandikwa *Kidoti* bado kilikuwa kizima. Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Akakibandua, akakiunga kwenye utepe, akamzungushia paka shingoni, akapiga mishono minne ya mkono.

"Haya. Anaitwa Kidoti. Mkigombea, wote mnakosa. Kesi imekwisha."

Mdogo mtu alipiga makofi. "Tuko wawili! Dada, tuko wawili!"

"Mimi simwiti hivyo," Dada akasema, midomo imemvimba. "Kwangu mimi ni paka tu."

"Kidoti," mama akaita, kujaribu.

Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, paka aligeuza kichwa. Hakumtazama mama aliyemwita. Alimtazama mtoto.

Siku ile ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mama aliita, "Kidoti, chakula tayari!" na miguu sita ikaja mbio. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Akashinda mchana kutwa akimwita paka kwa jina lake mwenyewe, chini ya meza, nyuma ya mlango, uani: "Kidoti! Kidoti! Kidoti!" na kila akiita, paka alikuja.

Siku ya tatu, mama aliita chakula. Paka alikuja. Mtoto alikuwa amekaa hatua tatu tu, anachora kwa chaki ya kukatia nguo. Hakuinua kichwa.

"Umeziba masikio?" Dada akamuuliza.

"Aliniita? Sikusikia ananiita."

Jumatatu mtoto alirudi kutoka shule macho mekundu. "Mwalimu amesoma majina yote, mimi hakunisoma. Nikanyoosha mkono. Akatazama dirishani, akasema ni nani aliyeacha dawati hili wazi."

"Alikuwa na mawazo yake," Dada akasema. Lakini usiku hakupata usingizi vizuri.

Siku iliyofuata dobi alileta furushi lao. Alikuwa ametoa kigauni cha shule, amekikunja pembeni. "Hiki kimechanganyika. Ni cha mtoto wa nani?"

"Si cha Kidoti?" Dada akasema.

Dobi akaangua kicheko. "Siku hizi mnamvalisha na sare? Mnamdekeza mno paka huyo!"

Mtoto alikuwa amesimama pale pale, kashika upindo wa sketi ya Dada. Dobi alimpita kama mtu anavyopita kiti.

Mchana huo mama alipakua sahani tatu. Yake, ya Dada, na ya tatu akaiweka juu ya kigoda kifupi. Paka akapanda, akaanza kula taratibu.

"Mama. Na Kidoti je?"

"Si huyo anakula?"

Dada alicheka kidogo, akingoja mama naye acheke. Mama alikuwa anatoa mfupa kwenye sahani ya kigoda ili usimkwame mlaji. Dada akagawa chakula chake nusu kwa nusu na mdogo wake. Mtoto alikula haraka haraka, ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekaribishwa kwa watu.

Hapo Dada akajua. Hakuelewa, ila alijua. Watu wote walikuwa wamemwita paka kwa jina lile. Dobi, mama, watoto wa jirani, mtoto mwenyewe. Ni yeye peke yake ambaye hakuwahi, kwa sababu ya kununa tu. Na ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwona mdogo wake.

Mama alipotoka kupeleka mashati, Dada alichukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Paka hakukimbia. Alinyoosha shingo, kama mteja kwa kinyozi.

Akaukata utepe. Ukaanguka. Chini yake, ndani ya manyoya, kulikuwa na utepe mwingine.

Ulikuwa mwembamba, umechakaa, wenye uzi wa bluu. Uliandikwa *Pipi*. Akaukata. Chini yake upo mwingine. *Kibibi*. Mwingine. *Tabasamu*. Mishono ilikuwa ya mikono tofauti, mmoja wa fundi, mwingine wa mtu asiyejua hata kushika sindano. Yalikuwa majina ambayo mtu angempa paka wake. Au mtoto wake wa mwisho.

Chini ya *Tabasamu* kulikuwa na kitambaa kilichooza, herufi hazisomeki. Na chini ya hicho vidole vyake bado viligusa pindo la utepe mwingine. Akaacha. Paka alikuwa anakoroma kwa raha.

Akamkalisha mdogo wake kwenye kigoda, akakishona kile kipande chenye uzi mwekundu kwenye kola ya gauni lake. Mishono ishirini. Akafunga fundo mara tatu.

"Dada, unanishonea nini?"

"Jina lako."

Mtoto akafikiri. "Si la paka?"

Asubuhi, kabla Dada hajafumbua macho vizuri, alisikia cherehani inanguruma.

"Nani amemvua Kidoti utepe wake?" mama akauliza, bila ukali wowote. "Nimekikuta kipande kwenye kigauni cha mteja gani sijui. Nimemrudishia. Safari hii nimepitisha na mashine, hakitoki tena."

"Mama, lile si gauni la mteja. Ni la mwanao. Mama, nitazame. Mwanao. Huyu hapa, nimemshika mkono!"

Mama alitazama pale alipooneshwa. Alitazama kwa bidii, macho yamekunjamana, kama anatafuta tundu la sindano kwenye giza. Kisha akagusa paji la uso la Dada kwa nyuma ya kiganja. "Una homa, mwanangu? Leo usishone. Lala."

Dada hakulala. Alimtia paka kwenye kapu la vitambaa, akafunga mfuniko kwa kamba. Akamwambia mdogo wake, "Kaa hapa. Usitoke mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akatembea mpaka mji unapoisha, kwenye viwanda vya mbao, mahali asipopajua mtu wa mtaa wao. Akafungua kapu nyuma ya rundo la magogo. Akakimbia. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika kwao.

Paka alikuwa amelala kwenye godoro dogo la mtoto.

Mtoto hakuwepo.

Alitafuta uvunguni. Alitafuta uani. Chooni. Nyuma ya matenki ya maji. Akatoka barabarani anapiga kelele, na kwa kuwa hakuwa na jina jingine mdomoni, akaita hilo.

"Kidoti! Kidoti!"

"Nyau," kikajibu kitu nyuma yake.

Akasimama. Paka alikuwa hatua tatu nyuma, mkia juu.

Angefanya nini? Angenyamaza, mtoto angesikia nini? Akaita tena. Paka akaitika tena. Akaenda shuleni, akaita. Kisimani, akaita. Stendi, akaita. Kila mara sauti ile ilijibu, kila mara karibu zaidi, na kila mara Dada alihisi kitu kidogo kikimtoka kichwani, kama uzi unaovutwa kwenye kigurudumu chake. Alijua anachokifanya. Hakuwa na njia nyingine ya kumtafuta.

Kwenye kituo cha polisi, askari alikuwa mpole. Akafungua daftari.

"Anayetafutwa ni nani?"

"Kidoti."

Askari akachungulia juu ya meza, akatazama miguuni pa Dada, akasoma kile kipande cha shingoni. Akatabasamu. "Si huyu hapa?"

"Mtoto! Namtafuta mtoto. Ana miaka saba."

"Sawa, dada yangu. Huyo mtoto anaitwaje?"

Lilikuwepo jina la kwenye cheti. Asubuhi ile alikuwa analijua. Akafungua mdomo, akabaki nao wazi.

"Ana alama yoyote?"

"Ana alama nyeusi. Chini ya jicho."

"Jicho lipi?"

Dada alifunga macho amwone mdogo wake. Akaona gauni. Akaona mkono umeshika chaki. Uso haukuja.

Askari akafunga daftari polepole. "Nenda nyumbani upumzike. Na huyo mshike vizuri, asije akapotea kweli."

Aliporudi, mama alikuwa amekunja godoro dogo, amelisimamisha ukutani.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Maswali gani hayo?" Mama akacheka, uzi umeubana kwa meno. "Ninaye wewe. Na huyo mvivu wako hapo mlangoni."

Usiku mzima Dada alikaa macho, anarudia neno moja kwa midomo bila sauti ili lisimponyoke. *Mdogo wangu. Mdogo wangu. Mdogo wangu.*

Alfajiri mlango ukagongwa.

Uligongwa chini kidogo ya kitasa, mapigo mawili dhaifu. Mama alikuwa bado amelala. Paka alikuwa macho. Dada alivuta komeo, akafungua.

Hakukuwa na mtu.

Kwenye kizingiti kulikuwa na jozi ya viatu vyeusi vya shule, vidogo, vimelowa umande. Vilisimama sawasawa, ncha zikitazama ndani. Kamba zilikuwa zimefungwa, na soksi ndani yake zilikuwa zimesimama, zimejaa, kama zimevaliwa.

"Mdogo wangu," akanong'ona. "Ingia. Ingia ndani."

"Nyau," akaitika paka nyuma yake.

Viatu havikusogea.

"Mwanetu. Mpenzi wangu. Kipenzi cha Dada, njoo."

"Nyau." Sasa alikuwa anajisugua kwenye vifundo vya miguu yake, mwenye joto, mzito. Kila neno la upendo Dada alilolijua, sasa lilikuwa la paka.

Dada akapiga magoti. Akanyoosha mikono hewani juu ya viatu, akapapasa. Hewa. Hewa tupu yenye baridi. Machozi yalimtoka na hakujua tena anamlilia nani, ila alijua analia kwa mtu. Ndipo, kutoka usawa wa uso wake, karibu kabisa, ikaja sauti ndogo, yenye subira, sauti ya mtoto ambaye amengoja nje usiku kucha:

"Dada, niite tena. Safari hii uniite mimi."